Siku za Mafua: Historia Ndefu ya Kuitambua Sainasi

Katikati ya karne ya 17, mwanamke mmoja alimwendea tabibu Nathaniel Highmore, wa mji wa Sherborne kusini magharibi mwa Uingereza, akiwa ameshikwa na hofu. Alikuwa ameng'olewa jino la chonge la juu, na tangu hapo tundu la jino lilivuja majimaji yasiyokatika. Mwenyewe akataka kujua yanatoka wapi. Akachukua kijiti chembamba cha fedha, akakipenyeza tunduni; kikazama mpaka akahisi kimekaribia jicho. Akatafuta unyoya, akaunyonyoa hadi ukabaki uti wake, akauingiza. Nao ukazama karibu wote. Mama wa watu akaamini ameugusa ubongo wake. Highmore akamweleza kwamba ndani ya mfupa wa shavu la kila binadamu mna shimo lenye hewa, na kwamba kati ya mizizi ya meno na shimo hilo pana ukuta mwembamba mno wa mfupa. Kisa hicho kimo katika kitabu chake cha anatomia cha 1651, na kwa vizazi vingi baadaye madaktari waliliita shimo la shavu kwa jina lake.

Mwanamke huyo alifanya jambo ambalo tiba imekuwa ikilijaribu kwa zaidi ya miaka elfu tatu: kutaka kuyajua yaliyo ndani ya uso kwa kuanzia na kinachotoka nje. Kila zama zilipopata chombo kipya cha kuchungulia, zilidhani jibu limepatikana. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba jibu bora tulilo nalo leo halikutoka kwenye chombo chochote. Limetokana na kuhesabu siku za ugonjwa na kumsikiliza mgonjwa, na wengi wanaomeza dawa za sainasi hawajawahi kuelezwa hivyo.

Mashimo yenyewe yapo manne kila upande, au kwa usahihi zaidi makundi manne. Moja limo mashavuni, juu ya meno. Jingine limo kwenye paji la uso, juu ya nyusi. Kundi la tatu ni vishimo vidogo vingi vilivyosongamana kati ya macho. La nne limejificha nyuma kabisa ya pua, karibu na kitovu cha kichwa. Yote yametandikwa utando unaotoa ute, na juu ya utando huo mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute kuelekea puani. Shida kubwa ni ya shimo la shavu. Limekaa kama chumba ambacho mlango wake uko karibu na dari: kilichomo hakiwezi kutoka kwa kuchuruzika chenyewe, ni lazima kipandishwe. Mafua yakivimbisha utando na kuuziba mlango huo, ute unatuama, na vimelea vinavyoishi puani vinapata mahali pa kuzaliana: hiyo ndiyo sainasi ya bakteria.

Wamisri wa kale walipita jirani kabisa na mashimo haya bila kuyahusisha na ugonjwa. Walipowatayarisha maiti wao, waliingiza kulabu puani, wakavunja mfupa mwembamba ulio kati ya macho, wakautoa ubongo kwa njia hiyo. Mafua nayo waliyajua. Papiri ya Ebers, ya takriban mwaka 1550 KK, ina tiba zake. Lakini ni Wagiriki walioacha fundisho lililodumu. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippokrati, kamasi ni majimaji baridi yanayoshuka kutoka kwenye ubongo, na andiko mojawapo linahesabu njia saba ambazo majimaji hayo huteremkia mwilini, ya puani ikiwa mojawapo. Tabibu Galen, katika karne ya 2, alilitia nguvu wazo hilo: mfupa wenye vitundu ulio juu ya pua aliuona kuwa chujio la uchafu wa ubongo. Ukiamini hivyo, kutokwa na kamasi nyingi ni habari njema, kwa kuwa ubongo unajisafisha. Na maumivu ya uso hayana sababu ya kuhusishwa na mfupa wa uso.

Kosa hilo lilitawala kwa zaidi ya miaka 1,400, ingawa hata humo ndani walikuwapo watu waliotazama kwa makini. Abu Bakr al-Razi, tabibu Mwajemi aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika risala kuhusu rafiki yake msomi, Abu Zayd al-Balkhi, aliyekuwa akishikwa na mafua kila majira ya kuchipua, mawaridi yanapochanua. Al-Razi aliona kwamba mafua haya yana msimu na yana kichochezi. Leo tunayaita mafua ya aleji, na kuyatenga na sainasi bado ni hatua ya kwanza ya daktari yeyote makini: aleji huwasha pua na macho, huleta chafya za mfululizo na kamasi nyepesi kama maji, wala haina homa. Kwa mtu anayepiga chafya kila anapofagia vumbi au mpapai ulio jirani unapochanua, dawa ya kuua bakteria haina kazi.

Mwaka 1489 Leonardo da Vinci alilipasua fuvu kwa msumeno na kulichora, shimo la shavu na la paji la uso yakionekana wazi kabisa. Michoro hiyo ilibaki katika karatasi zake, madaktari wa karne zilizofuata wasifaidike nayo. Mwanaanatomia Andreas Vesalius aliyaeleza mashimo hayo katika kitabu chake kikuu cha 1543 na akasema yamejaa hewa. Aliyeung'oa mzizi wa fundisho la Galen alikuwa Conrad Victor Schneider, profesa wa Wittenberg. Katika miaka ya 1660 alichapisha kazi ndefu kuhusu mafua, akaonyesha kuwa hakuna njia ya kamasi kutoka kwenye ubongo. Kamasi hutengenezwa na utando wa pua na mashimo yake. Ninamthamini Schneider kuliko wengi wanaotajwa zaidi yake. Baada yake, kwa mara ya kwanza, mtu mwenye usaha puani na maumivu shavuni aliweza kuambiwa kwamba ugonjwa uko pale pale panapouma.

Tiba ikafuata anatomia. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari wa upasuaji wa London, William Cowper, alikuwa akiwang'oa wagonjwa jino la juu kwa makusudi na kutoboa hadi ndani ya shimo ili usaha utoke. Yaliyompata mwanamke wa Sherborne kwa ajali yakawa njia ya matibabu. Na daktari wa upasuaji Percivall Pott, mwaka 1760, alieleza uvimbe laini wa paji la uso ambao chini yake mfupa umeoza na usaha umekusanyika. Uvimbe huo bado unaitwa kwa jina la Pott, na mpaka leo ukionekana, hasa kwa kijana, ni dharura.

Karne ya 19 ilileta taa. Mwishoni mwa miaka ya 1880, madaktari Voltolini na Heryng walimwingiza mgonjwa kwenye chumba chenye giza na kumtia taa ndogo ya umeme kinywani, midomo ikiwa imefumbwa. Uso uking'aa wekundu pande zote mbili, mashimo yana hewa. Upande uliobaki mweusi ndio wenye usaha. Wakati huo Emil Zuckerkandl, aliyefundisha Graz na kisha Vienna, alikuwa amechapisha mwaka 1882 kitabu cha anatomia ya pua kilichotokana na uchunguzi wa maiti. Bakteria nao walianza kupata majina: ile ya nimonia ilitambuliwa mwaka 1881 na Pasteur na Sternberg, kila mmoja kwake, na mwaka 1892 Pfeiffer alieleza nyingine, akiidhania kimakosa kuwa ndiyo iletayo homa ya mafua. Hao wawili bado ni miongoni mwa wasababishi wakuu wa sainasi ya bakteria. Caldwell wa New York mwaka 1893 na Luc wa Paris mwaka 1897 wakatengeneza upasuaji wa kulifungua shimo la shavu kupitia chini ya mdomo wa juu. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na mwaka 1915 Waters na Waldron walieleza namna ya kumweka mgonjwa, kidevu kikiwa kimeinuliwa, ili mashimo ya mashavu yaonekane vizuri. Picha ya namna hiyo ingali inapigwa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Uwezo huo mpya ulileta balaa lake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea nadharia kwamba usaha uliojificha kwenye meno, tonsili au mashimo ya uso ndio chanzo cha magonjwa ya mwili mzima. Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, aliichukua hadi mwisho wake: aliwang'oa wagonjwa meno, akawakata tonsili, akawafungua mashimo ya uso, na baadaye hata akawakata utumbo, akidai anatibu wazimu. Wengi walikufa kutokana na upasuaji huo. Watu hawa hawakufika kwake kwa ajili ya sainasi. Daktari aliiona kwa sababu alikuwa ameamua kuiona.

Penisilini ya Fleming ya 1928, iliyofanywa dawa na Florey na Chain katika vita kuu ya pili, ilipunguza sana vifo vya usaha kupenya kwenye jicho na ubongo. Kisha yakaja mageuzi ambayo kwangu ndiyo makubwa zaidi, nayo yalianzia Graz kwa mara nyingine. Daktari Walter Messerklinger, kuanzia miaka ya 1950, alifuatilia mwendo wa ute ndani ya mashimo na akaona kwamba vinyweleo huusukuma daima kuelekea mlango wa asili, hata pale daktari alipotoboa mlango mwingine mpana zaidi chini yake. Ute unalipita tundu la daktari na kuendelea na safari yake. Kwa hiyo kiini cha ugonjwa mara nyingi kimo kwenye vichochoro vyembamba vya kati ya macho, ambako milango hiyo hufungukia; vikizibuliwa, mashimo makubwa hupona yenyewe. Lenzi mpya za Harold Hopkins ziliwezesha kuona humo kwa kamera nyembamba inayopita puani, na mwanafunzi wa Messerklinger, Heinz Stammberger, pamoja na David Kennedy wa Marekani wakaueneza upasuaji huu duniani katika miaka ya 1980.

Wakati huo huo ilikuja sitiskani (picha ya CT), ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Sasa mashimo yote yalionekana, ukuta kwa ukuta. Ilitarajiwa fumbo limekwisha. Mwaka 1994 Jack Gwaltney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapiga picha hiyo watu wazima 31 waliokuwa na mafua ya kawaida, ya siku chache tu. Kati yao, 27 walikuwa na kasoro kwenye mashimo ya mashavu. Hawakupewa dawa ya bakteria. Wiki mbili hivi baadaye, waliopigwa picha tena walikuwa 14, na 11 kati yao walikuwa wamesafika au wamepata nafuu kubwa. Maana yake ni kwamba mafua ya virusi, yale yanayompata kila mtu, huyajaza mashimo ya uso kama kawaida yake. Picha iliyojaa haithibitishi maambukizi ya bakteria. Kwa mtu mwenye mafua yasiyo na matata, picha haimsaidii daktari kuamua.

Rangi ya kamasi nayo ilipoteza cheo chake. Ukijani hutokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, nao hufika puani kupambana na virusi vilevile. Mafua ya kawaida huanza na kamasi nyepesi, ikawa nzito, ikageuka njano au kijani siku ya tatu au ya nne, kisha ikarudi kuwa nyepesi. Mtu anayekimbilia duka la dawa siku ya nne akiwa na leso ya kijani, mara nyingi ameununua uponyaji ambao mwili wake ulikuwa umeshauanza.

Na kichwa? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Kipandauso kinaweza kuuma juu ya jicho na shavuni, kikaziba pua na kutoa machozi. Maumivu yanayokuja na kuondoka mwaka mzima, yanayochukia mwanga na kelele, yenye kichefuchefu na yasiyo na kamasi nzito, yasiitwe sainasi kwa haraka.

Basi kilichobaki ni nini? Mwaka 2012 jumuiya ya madaktari wa magonjwa ya kuambukiza ya Marekani ilitoa mwongozo uliokusanya ushahidi wa miongo kadhaa, na msingi wake ni siku. Kwa watu wazima, kati ya asilimia 0.5 na 2 tu ya mafua ya virusi huishia kuwa sainasi ya bakteria. Unaidhania katika hali tatu. Ya kwanza, dalili zimedumu siku 10 au zaidi bila nafuu yoyote. Ya pili, ugonjwa umeanza kwa kishindo: homa ya nyuzi 39 au zaidi, pamoja na kamasi ya usaha au maumivu ya uso, kwa siku tatu au nne mfululizo tangu mwanzo. Ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa ya kukumbukwa kuliko zote: mgonjwa alianza kupata nafuu, akarudi kazini, kisha siku ya tano au ya sita akaanguka upya, homa, kichwa na kamasi vikirudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Ndani ya mpango huo wa siku, dalili za mwili zinapata maana. Pua imeziba, mara nyingi upande mmoja zaidi. Kamasi nzito inatoka mbele, au inashuka nyuma kwenye koo na kumfanya mtu akohoe akilala. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa haifiki. Shavu linauma, na uzito unaongezeka anapoinama kupiga deki au anaposujudu. Meno ya juu, ya nyuma, yanauma kadhaa kwa pamoja hata kama hayana tundu; utafiti wa Marekani wa 1992 uliihesabu dalili hiyo kati ya tano zenye uzito, pamoja na kamasi yenye rangi, usaha unaoonekana puani, dawa za kuzibua pua kushindwa kufanya kazi, na ile taa ya Voltolini kutopenya. Hakuna hata moja iliyotosha peke yake. Dalili zikipita wiki 12 huo ni ugonjwa sugu, wenye uchunguzi na tiba tofauti, na hapo ndipo kamera na sitiskani zinapostahili gharama yake.

Usaha wa upande mmoja wenye harufu mbaya una habari yake. Kwa mtu mzima angalia jino bovu la juu; mwanamke wa Sherborne asisahaulike. Kwa mtoto mdogo tafuta harage au shanga iliyokwama puani. Upande mmoja ukiziba kwa muda mrefu na kutoa damu, daktari wa masikio, pua na koo lazima aone, kwa kuwa uvimbe wa kansa huanza hivyo pia.

Huku kwetu Tanzania kuna mambo mawili yanayonisumbua. Homa na kichwa kwa miaka mingi viliitwa malaria bila kipimo, na ingawa tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, kipimo kikionyesha hakuna, mgonjwa mara nyingi hupewa antibayotiki ili asitoke mikono mitupu. Wengine hujinunulia nusu dozi ya kapsuli na kuziacha pua ikizibuka. Bakteria waliobaki hujifunza kuishi na dawa. La pili ni kikohozi cha mtoto. Kamasi inayoshuka kooni usiku humkohoza mtoto kwa wiki kadhaa, na bado wapo wazazi wanaoambiwa tatizo ni kimeo, wakampeleka kukatwa kwa wembe. Watoto hufika hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi mabaya kwa sababu ya kimeo kisicho na kosa lolote.

Tiba za nyumbani zinahitaji ukweli pia. Kujifukiza ni desturi ya zamani, na mwaka 2020 nyungu ilienea upya nchini kwa sababu ya korona. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 871 wa sainasi sugu au ya kujirudia, liliona mvuke haukusaidia dalili za pua, ingawa kichwa kilipungua kuuma kwa baadhi. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kulileta nafuu kiasi. Wahindi wa yoga wamekuwa wakisafisha pua kwa maji kwa karne nyingi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji kinatosha, ila maji yawe yamechemshwa na kupoa. Mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayeshambulia ubongo. Na sufuria ya maji yanayotokota isiwekwe mbele ya mtoto chini ya shuka.

Kwa mtoto, kumbuka kwamba vishimo vya kati ya macho na vya mashavuni anazaliwa navyo, ilhali la paji la uso huanza kukua vizuri karibu na umri wa miaka saba. Ukuta kati ya vishimo vya kati ya macho na jicho lenyewe ni mwembamba mno, na ndiyo njia ambayo usaha hupita. Daktari Chandler, mwaka 1970, aliipanga safari hiyo katika hatua tano, kuanzia kope kuvimba hadi damu kuganda kwenye mishipa iliyo nyuma ya jicho, hatua ambayo inaua. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua akiamka na jicho lililovimba na kuwa jekundu, au mtu yeyote mwenye sainasi akianza kuona vitu viwili viwili, shingo ikakakamaa, paji la uso likavimba, au akaanza kuchanganyikiwa, usisubiri siku ya kumi wala kupita duka la dawa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.